Sanduku la matumbawe ya Devoni: shajara ya mradi

Mwisho wa Machi

Barafu imeanza kuachia fukwe za Ziwa Michigan, na kwa anayetafuta visukuku vya matumbawe, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, huu ndio msimu wenyewe. Majira yote ya baridi barafu imekuwa ikisukuma na kukokota mawe ya chini ya maji. Ikishayeyuka, inaacha ufukweni mawe mapya ambayo hayajapitiwa na macho ya mtu. Kufika Julai watalii wameshachambua yaliyo mazuri.

Mradi wa mwaka huu ni kutengeneza sanduku moja la matumbawe ya kale ya Michigan, yamesafishwa, yameng'arishwa pale inapofaa, na kila moja lina lebo ya Kiswahili. Litakwenda kwenye darasa la Jumamosi la watoto wetu hapa Grand Rapids. Wazazi wao wametoka Uvira, Bukavu, Kigoma, Mombasa. Wao wenyewe wengi wamezaliwa hapa hapa. Kila kiangazi watoto hawa wanaokota mawe haya ufukweni na kuyarusha majini. Nataka siku wakiyashika wajue wameshika mnyama.

Nimeanza na sheria, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Kwenye ardhi ya jimbo la Michigan mtu mmoja anaruhusiwa kuchukua pauni 25 za mawe kwa mwaka, yaani kilo 11 na kitu. Mwaka 2015 kuna mtu alitoa ziwani jiwe la Petoskey, kisukuku cha matumbawe kinachotafutwa sana huku, la pauni 93. Idara ya Maliasili ya jimbo ililichukua, likaenda kuwekwa Detroit watu walione. Na kwenye hifadhi ya taifa ya Sleeping Bear Dunes hairuhusiwi kuchukua hata kokoto moja, ingawa ufuko wake umejaa. Kwa hiyo nina mizani ndogo kwenye buti la gari, na daftari la kuandika uzito wa kila nilichochukua.

Aprili, kati ya miji ya Charlevoix na Petoskey

Jiwe la Petoskey likiwa kavu halikuambii kitu. Ni jiwe la chokaa la kijivu, halina mng'ao. Limwagie maji, na papo hapo pembe sita zinajitokeza, zimebanana, kila moja na jicho jeusi katikati na mistari inayotoka kwenye jicho kwenda pembeni. Ndiyo maana waokotaji hutembea na chupa ya kupulizia maji, au hutembea pale pale wimbi linapofika. Mimi napenda wimbi: linalowesha mawe mengi kwa mkupuo mmoja, na jicho linajifunza kuruka yasiyofaa.

Kila pembe sita ni nyumba ya polipi mmoja, yaani mnyama mmoja mdogo wa tumbawe. Jicho jeusi ni pale palipokuwa na mdomo na tumbo. Mnyama alipokufa tope liliingia likajaa. Mistari ni kuta nyembamba za mifupa zilizoshikilia mwili wake. Jina la kitaalamu ni Hexagonaria percarinata, na aliishi kipindi cha Devoni, karibu miaka milioni 385 iliyopita, wakati Michigan ilikuwa chini ya bahari ya joto yenye kina kifupi, jirani na ikweta. Mwamba wenyewe uko kaskazini mwa rasi ya Michigan. Katika zama za barafu, barafu nene iliung'oa vipande vipande, ikavisaga kingo na kuvisambaza. Mviringo unaoupenda kwenye jiwe la ufukweni ni kazi ya barafu na mawimbi. Matumbawe yenyewe hayakuwa na umbo hilo. Jimbo lililifanya kuwa jiwe lake rasmi mwaka 1965.

Niliyochagua kwa ajili ya sanduku ni machache. Vigezo vyangu: lisiwe na ufa unaopita katikati, macho yawe meusi, na liwe na pande mbili zinazokatana, moja inayokata nyumba kwa juu na nyingine inayozikata kwa urefu. Hiki kigezo cha mwisho ndicho cha thamani kuliko vyote, na ni wachache wanaokijali. Maduka ya zawadi yanang'arisha upande wa pembe sita tu. Lakini ukiling'arisha na ubavuni unaona nyumba hizo ni mirija mirefu, na ndani ya kila mrija kuna sakafu moja juu ya nyingine. Mnyama alikuwa akijenga sakafu mpya, anahamia juu, anaiacha ya zamani tupu chini yake. Mtoto akiona pande zote mbili kwenye jiwe moja, hahitaji kuchorewa.

Nimeokota pia Favosites, ambayo huku wanaiita jiwe la Charlevoix. Vijumba vyake ni vidogo mno, vimepangana mithili ya sega la nyuki, na havina jicho wala kuta za ndani zinazoonekana. Watu huvichanganya hivi viwili. Ukitaka kutofautisha, angalia ukubwa wa kijumba kwanza, kisha tafuta mistari ya ndani. Pasipo mistari, si Petoskey.

Mei, mezani

Mawe haya ni ya kalsiti, madini ya chokaa, yenye ugumu wa 3 tu kwenye kipimo cha Mohs kinachofika 10, kwa hiyo mkono na msasa vinatosha. Kuna wanaotia mawe haya kwenye mashine ya kuzungusha pamoja na akiki na mawe mengine magumu, yanatoka yamelika. Sioni sababu ya mashine kwa jiwe linalokubali mkono.

Utaratibu wangu: msasa wa maji namba 220 mpaka mashimo na mikwaruzo ya ufukweni iishe. Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Kisha 400, kisha 600. Kati ya namba na namba jiwe linasuuzwa kwenye beseni lake, na beseni la 220 haliguswi na jiwe lililofika 600, maana chembe moja kubwa inatosha kukurudisha mwanzo. Kazi yote inafanywa jiwe likiwa limelowa, vumbi lisiruke na msasa usizibe. Lakini ukaguzi hufanywa likiwa kavu: maji huficha mikwaruzo. Lipanguse, lisogeze dirishani, ligeuze pole pole. Ukiona mistari myeupe, rudi namba moja nyuma.

Mwisho ni kipande cha mahameli kilicholowa kidogo, kimenyunyiziwa unga wa kung'arishia wa oksidi ya alumini. Sugua mpaka joto lisikike kwenye vidole. Mng'ao unakuja ghafla, na ukija unajua. Sipaki vanishi. Vanishi inang'aa hata juu ya kazi mbovu, halafu baada ya miaka inageuka njano.

Nilimpigia simu ya video mjomba wangu, Tanga. Amechoma chokaa tangu ujana wake, matumbawe ndiyo maisha yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nionyeshe hilo jiwe lako."

Nikalilowesha, nikalisogeza kwenye kamera. Akanyamaza kidogo.

"Ni tumbawe, hilo sina shaka. Lakini si la kwetu. La kwetu halijengi hivyo."

Ni kweli, na alichokiona yeye kwa macho tu ndicho kinachotenganisha makundi mawili makubwa. Matumbawe ya leo, yale ya Pemba, Mafia na Tanga, huongeza kuta zao za ndani kwa mpango wa sita. Haya ya Devoni, kundi la Rugosa, yaliongeza kuta mpya katika sehemu nne. Pembe sita za nje kwenye Petoskey zinatokana na msongamano wa majirani, hazihusiani na mpango wa ndani. Ukihesabu utakuta na za pembe tano na saba. Rugosa waliisha kabisa katika maangamizi ya mwisho wa kipindi cha Permi, miaka milioni 252 iliyopita, pamoja na ndugu zao wa kundi la Favosites. Matumbawe tunayoyajua leo yanaonekana kwenye miamba mamilioni ya miaka baadaye.

Mjomba akauliza swali la fundi: "Ukilichoma linatoa chokaa?"

Linatoa, mjomba. Kule Rogers City, kwenye Ziwa Huron, kuna machimbo ya mawe ya chokaa ya Devoni ambayo ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Kuna tofauti moja tu: matumbawe ya leo hujenga mifupa ya aragoniti, madini ndugu wa kalsiti, na aragoniti haidumu, kwa muda mrefu huyeyuka au hugeuka kuwa kalsiti, na umbo la ndani linavurugika. Kwenye majabali ya matumbawe ya pwani ya Kenya, yanayokadiriwa kuwa na miaka 125,000 hivi, tayari utakuta sehemu ambazo kuta zimefutika. Rugosa walijenga kwa kalsiti tangu mwanzo. Ndiyo maana kitu cha miaka milioni 385 kinaweza kusomeka vizuri kuliko cha juzi.

Juni, Rockport

Upande wa pili wa jimbo, kaskazini mwa Alpena, kuna machimbo ya zamani ya chokaa yaliyoachwa, sasa ni eneo la mapumziko la jimbo. Kuokota visukuku kunaruhusiwa kwa kiwango kile kile cha pauni 25. Hakuna mawimbi wala barafu ya kukusaidia hapa; ni malundo ya mawe yaliyotupwa na wachimbaji, jua kali linalopiga kwenye mawe meupe, na mbu. Vaa kofia, beba maji.

Nilichofuata ni matumbawe ya pembe. Hawa ni Rugosa walioishi mmoja mmoja. Kila mnyama alijenga koni iliyojipinda, nchani nyembamba, juu ina kikombe alimokaa. Ndani ya chokaa ngumu huwezi kuwatoa bila kuwavunja, lakini kwenye tabaka laini za udongo mgumu, na pale chokaa ilipooza kwa mvua na barafu, wanatoka wazima. Nilifanya kazi zaidi kwa macho kuliko kwa nyundo. Tindo niliitumia kwenye jiwe moja tu, lenye Favosites iliyokaa pamoja na vipande vya yungiyungi wa bahari (mnyama mwenye shina, umbo lake kama ua), kwa sababu ule ujirani wao ni habari ambayo sikutaka kuitenganisha.

Kila kitu kilifungwa kwenye karatasi ya gazeti na kuandikwa hapo hapo: mahali, lundo, tarehe. Kisukuku kisicho na mahali kilipotoka ni pambo. Hili sitaki kulilegeza hata kwa kipande kizuri kiasi gani.

Julai

Mwezi wa kusafisha. Matumbawe ya pembe yalilala kwenye maji yenye sabuni kidogo mpaka udongo ukalegea, halafu mswaki laini wa zamani, halafu sindano chini ya lenzi, hasa ndani ya kikombe. Wenye vifaa hutumia kipatasi kidogo kinachoendeshwa na hewa ya kompresa, au hupuliza unga wa magadi kwa shinikizo. Ni vifaa vizuri. Kwa idadi hii ya vipande sindano inatosha, na unajua kila chembe imekwenda wapi.

Watu huuliza sana kuhusu siki na asidi, maana wameona picha za matumbawe meupe yaliyosimama yenyewe, hayana jiwe hata kidogo. Yale yalikuwa yamegeuka silika, madini magumu kuliko kalsiti. Kule Falls of the Ohio, mpakani mwa Indiana na Kentucky, matumbawe mengi ya Devoni ni ya silika (na kule kuokota kumepigwa marufuku kabisa; nenda ukatazame tu). Silika haiguswi na siki, kwa hiyo chokaa inayoizunguka inayeyuka na tumbawe linabaki. Kisukuku cha kalsiti ndani ya chokaa kinayeyuka pamoja na jiwe lake. Kabla ya kufikiria asidi yoyote, jaribu kukwaruza kona isiyo na maana kwa ncha ya kisu cha chuma: kalsiti inakwaruzika, silika inakikwaruza kisu. Mawe yangu yote ya Rockport yalikwaruzika. Siki ikabaki jikoni.

Pembe mbili zilikuwa na nyufa. Nimezipaka Paraloid B-72, gundi ya akriliki wanayotumia wahifadhi wa makumbusho, nyepesi, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, dirisha wazi na glavu mkononi. Inaingia kwenye ufa, inashika, na siku yoyote mtu akitaka kuiondoa anaiyeyusha tena kwa asetoni ile ile. Gundi za kawaida za dukani hazikupi nafasi hiyo.

Agosti hadi Septemba

Huu ndio ukurasa nilioungoja.

Moja ya pembe ni Heliophyllum: ukitazama kuta zake ndani ya kikombe kwa lenzi, unaona zimekatizwa na vijiti vidogo vidogo vya kulala. Urefu wake haufiki kidole cha kati. Rafiki yangu mmoja wa mchezo huu, mtu wa kung'arisha hasa, aliponitembelea alishauri niikate na kuing'arisha, mistari ya ndani ingetoka vizuri sana. Ingetoka, kweli. Lakini nilimgeuzia taa.

Taa ya mezani ikiwekwa ubavuni, chini kabisa, mwanga ukalala juu ya ngozi ya nje ya pembe, unaona ngozi ile haiko laini. Ina mikunjo minene inayozunguka koni, na kati ya mkunjo na mkunjo kuna mistari myembamba mno, sambamba, inayofuatana kwa mamia. Mwaka 1963, John W. Wells wa Chuo Kikuu cha Cornell alichapisha kwenye jarida la Nature hesabu ya mistari hiyo. Kwa tumbawe linaloishi leo huko Karibi, Manicina areolata, alipata mistari kama 360 kwa ukuaji wa mwaka mmoja, akaona kwamba kila mstari ni siku. Akahesabu ya Devoni, Heliophyllum na jamaa zake. Zilikuwa takriban 400.

Mwaka wenyewe, yaani muda wa dunia kulizunguka jua, haujabadilika kiasi cha kujali. Kilichobadilika ni siku. Siku 400 ndani ya mwaka huo huo maana yake kila siku ilikuwa ya saa 22 hivi. Na sababu yake ni ile ambayo mtoto wa pwani anaijua bila kufundishwa: mwezi na maji. Bamvua na maji mafu, kujaa na kupwa, yale maji yanayovutwa huku na huku yanasugua dunia na kuipunguza kasi ya kujizungusha. Pole pole sana, kwa mamilioni ya miaka, lakini bila kusimama. Kasi inayopotea kwa dunia inausukuma mwezi mbali. Vioo walivyoviacha mwezini wanaanga wa Apollo vimewezesha kupima kwa leza kwamba unasogea karibu sentimita 3.8 kila mwaka.

Wanaastronomia walikuwa wameshapiga hesabu kwamba siku inarefuka. Wells aliingia na ushahidi wa mnyama aliyekuwepo. Nimekulia mji ambao watu hupanga safari ya ngalawa kwa mwezi, na nimeshika mkononi kiumbe aliyeandika bila kujua kwamba maji yale yale yalikuwa yakiifinya siku yake. Sijawahi kushika kitu kinachonipa furaha kama hiki.

Ndiyo maana pembe hii haiguswi na msasa. Petoskey ameshapoteza ngozi yake kwa barafu na mawimbi, na habari zake ziko ndani, kwa hiyo kumng'arisha ni kumfungua. Kwa Heliophyllum habari iko juu kabisa, kwenye unene mdogo kuliko karatasi. Namba 220 ingeifuta kwa mipapaso michache, na nje pangebaki pazuri sana. Hata mswaki niliubadilisha nikatumia brashi ya rangi ya maji, yenye nywele laini. Sehemu kubwa ya ngozi imeliwa na mvua ya Rockport. Palipobaki pazima ni kama ukucha wa kidole gumba, na mistari inasomeka. Nimepiga picha kwa mwanga wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wa juu, maana kila mwanga unaonyesha mistari ambayo mwingine unaificha. Picha ya kushoto ndiyo bora. Nimeichapisha kubwa, kurasa mbili, ili watoto waweze kuhesabu siku kwa kalamu bila kuligusa jiwe.

Oktoba

Sanduku ni la mbao, nimelitandika sponji na kukata nafasi kwa umbo la kila kipande. Petoskey wa pande mbili yuko katikati. Favosites wawili, mmoja ameng'arishwa na mwingine yuko kama alivyotoka ufukweni, ili ionekane tofauti. Pembe nne za Rockport. Bamba lenye yungiyungi wa bahari liko chini, peke yake, maana ni zito.

Namba zimeandikwa kwenye mawe yenyewe: doa dogo la rangi nyeupe mahali pasipo na habari, wino mweusi juu yake, kisha tone la Paraloid. Lebo inaweza kupotea, namba inabaki, na daftari linaeleza mengine. Lebo nimeziweka fupi: jina, mahali, umri, na sentensi moja ya kumwambia mtoto atazame nini. Ya Petoskey inasema: "Limwagie maji, kisha geuza utazame ubavuni." Ya Favosites: "Tafuta jicho. Halipo. Kwa nini?" Ya Heliophyllum imenichukua muda kuliko zote, na sasa inasema: "Kila mstari ni siku moja. Washa tochi pembeni."

Petoskey na Favosites watoto watawashika, watawalowesha, wakiwaangusha tutaokota. Heliophyllum atakuwa kwenye kikasha chake cha plastiki chenye kifuniko angavu, na tochi ndogo imefungwa kwa kamba.

Mwalimu wa darasa ameomba kipande cha tumbawe la leo cha kulinganisha. Kukitoa pwani na kukisafirisha kuna sheria zake, na sitaki kugusa miamba iliyo hai kwa ajili ya sanduku. Mjomba atapiga picha za karibu za mawe ya ukuta wa zamani wa nyumba yake, yale yenye matumbawe yanayoonekana wazi, akiweka rula pembeni. Zikifika nitazichapisha kwa ukubwa ule ule wa Petoskey. Bado pia tochi ya pili, na betri.